Banda la gari Vugiri lililogeuka chumba cha bibi

Jaketi linaloonekana mzigo mjini Korogwe, ukifika Vugiri unalivaa mwenyewe bila kuambiwa. Barabara inaliacha joto bondeni, inapanda kwa kona kali, na kila kona dereva wa Noah anashusha gia huku abiria wa nyuma wakishikilia vikapu vyao. Chini, nyuma yako, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari mpaka macho yanachoka. Mbele ni migomba, maharage na, ukielekea Ambangulu, chai iliyochumwa na kusawazishwa kana kwamba mtu ameipitishia kisu.

Vugiri ni kata ya Wilaya ya Korogwe, upande wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi. Upande huu unapokea upepo unaotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana unapata mvua nyingi kuliko ule unaotazama nyika ya Mkomazi. Mvua hiyo ndiyo iliyoifanya chai ikubali hapa. Ndiyo hiyo hiyo inayoozesha fremu za madirisha, inayootesha kuvu kwenye viatu vilivyosahaulika mvunguni, na inayomfanya fundi wa huku aulize maji yatapita wapi kabla hajauliza chumba kitakuwa na ukubwa gani.

Jambo la pili analolifahamu kila fundi wa Usambara ni kwamba kiwanja hakipatikani, kinachongwa. Unakata ubavu wa mlima, udongo unaumwaga upande wa chini, unapata kipande tambarare cha kuweka nyumba. Nyumba inakaa juu, barabara inabaki chini, na katikati kuna ngazi. Mwenye gari, au mwenye matumaini ya gari, hawezi kulipandisha mpaka mlangoni. Anachonga kipande kingine kidogo pembeni mwa barabara na kujenga banda la gari. Wengine huliita gereji, ingawa hakuna spana inayofungua chochote humo.

Mabanda haya yanachekesha kidogo. Mengi hayajawahi kulaza gari mwezi mzima mfululizo. Yalijengwa kwa ajili ya Idi na Krismasi, kwa magari ya watoto walioko Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Siku tatu gari linalala ndani, kuku wakifukuzwa kwa muda. Siku zilizobaki banda ni la kuni, majembe, bomba la kupulizia dawa na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

Banda moja la namna hiyo, karibu na njia ya kuelekea kwenye chai, sasa lina pazia la maua na taa inayowaka kila jioni. Ndani yake anaishi bibi wa miaka 78, mjane wa dereva aliyeendesha malori miaka mingi. Marehemu alilijenga kabla hajawa na gari lake mwenyewe. Alilijenga kwa tofali za kuchoma, akaweka milango miwili ya bati yenye fremu ya chuma na, kwa kuwa alikuwa dereva wa kweli, akachimba shimo katikati ya sakafu la kuingia chini ya gari. Baadaye alinunua Land Rover kuukuu. Ilikaa humo miaka michache, ikauzwa ili watoto wasome.

Kutoka banda hilo mpaka nyumba kubwa kuna ngazi 19, za udongo uliozuiwa kwa magogo. Masika ya mwaka juzi bibi aliteleza kwenye ya saba na kuvunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona. Kilichobaki ni woga. Hakushuka tena barabarani, na wenzake wa umri wake, ambao nao wana magoti yao, hawakuweza kumpandia. Alikaa juu miezi mitano akisikia sauti za wapitao bila kuona uso wa mtu. Binti yake wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye, anasema mama alianza kuuliza nani amekufa, akiamini kuwa kimya kile lazima kilikuwa na sababu.

Wazo la banda lilitoka kwake mwenyewe. "Nipelekeni kule chini kwa baba yenu," aliwaambia siku moja baada ya chakula, na ilichukua muda kidogo watu kuelewa kwamba hakumaanisha makaburini.

Kaka mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, aligoma kwenye simu. Mama alale gereji? Watu watasema nini? Watasema nyumba kubwa wamejifungia wenyewe, mama yao wamemweka getini kama mlinzi. Hofu hiyo si ya kupuuza. Kijijini, mahali anapolala mzazi ndipo watoto wanapopimwa, na neno la jirani linafika Dar es Salaam kabla ya gari la mkaa. Dada mtu alimjibu kwamba watu hao hao ndio wanaoshindwa kumtembelea mama kwa sababu ya ngazi. Mazungumzo yalikatika hapo, yakaendelea wiki mbili kupitia kwa mjomba.

Mjukuu mmoja wa chuo ndiye aliyesema kwamba hata huko California, Marekani, sheria zilizoanza kutumika mwaka 2017 zimewarahisishia wenye nyumba kugeuza mabanda ya magari kuwa makazi, na wengi wanafanya hivyo kwa ajili ya wazazi wao. Kaka mkubwa alinyamaza. Haijulikani kama ilikuwa California au mjomba.

Fundi aliyeitwa ni mtu wa kijijini, wa maneno machache. Alifungua milango, akaangalia lile shimo la katikati. Lilikuwa na maji mpaka nusu, na chura. Ilikuwa Agosti, mvua haijanyesha wiki nyingine. Akasema kazi ya kwanza si chumba, ni mtaro.

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo wengi wanaogeuza mabanda hukosea. Huona kuta nne na paa, wakadhani nyumba tayari ipo, imebaki rangi na kitanda. Banda la gari halikujengwa kukaa mtu. Ukuta wake wa nyuma umeegemea mlima, na udongo uliolowa unausukumia unyevu mwaka mzima. Gari halikohoi. Bibi wa miaka 78 anakohoa. Kwa hiyo siku nne za mwanzo vijana walichimba nyuma ya banda, wakautenga ukuta na mlima, wakaacha nafasi ya mtu kupita kiubavu. Chini wakajenga mfereji wa mawe unaopeleka maji pembeni mpaka kwenye kalvati ya barabara. Wiki moja baadaye chura alikuwa amehama.

Shimo la gari lilijazwa mawe, kisha changarawe, tabaka kwa tabaka, kila moja likishindiliwa kabla ya lingine kuwekwa. Ukimwaga udongo wote kwa mkupuo na kufunika kwa zege, sakafu itazama katikati mwaka wa pili, na kitanda kitaanza kucheza. Sakafu ya zamani nayo ilikuwa imelowa oili miaka na miaka. Waliikwangua, wakaisugua kwa maranda na sabuni ya unga, na sehemu iliyokataa kutakata wakaivunja. Juu yake wakatandaza nailoni nzito ikipanda kidogo ukutani pande zote, ndipo zege jipya likamwagwa. Nailoni hiyo ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote walivyonunua, na ndiyo inayoamua kama godoro litanuka kuvu.

Sakafu ya banda la gari hulazwa ikiinama kuelekea mlangoni, ili maji ya mvua yanayoletwa na gari yatoke nje yenyewe. Mtu anayetembea na mkongojo hahitaji mwinamo huo. Zege jipya lilisawazisha, na mlangoni hawakuweka kizingiti wala ngazi. Waliweka mteremko mfupi wenye michirizi ya kuzuia kuteleza.

Kilichomchelewesha fundi zaidi ni mdomo wa banda. Ile nafasi ya milango miwili ilipaswa kuzibwa kwa ukuta wenye mlango mmoja wa kawaida na dirisha kubwa. Mtu mwenye haraka angepanga tofali juu ya ukingo wa sakafu na kumaliza kwa siku moja. Lakini mdomoni mwa banda la gari mara nyingi hapana msingi, kuna sakafu tu, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kubeba. Ukipanga tofali hapo zitakaa vizuri mpaka masika, kisha ufa utashuka pande zote mbili, mahali ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Walichimba msingi mpya wa kina cha goti na zaidi, wakajenga kwa mawe. Tofali za ukuta mpya ziliingizwa kwenye meno yaliyochongwa ukuta wa zamani. Linta ya zamani iliyobeba paa juu ya milango haikuguswa.

Simenti ilikuwa mifuko 22, ikapandishwa na kirikuu safari mbili. Safari ya pili kirikuu kilikwama kwenye kona, na mifuko sita ikamalizia njia vichwani mwa vijana. Mchanga nao ulitoka bondeni. Yeyote anayepiga hesabu ya ujenzi Vugiri kwa bei za Korogwe anajidanganya. Bei ya usafiri inakaribia kushindana na ya mzigo wenyewe.

Choo kilileta ubishi mdogo. Cha nyumba kubwa kiko juu, na hakuna maana ya kumwondolea mtu ngazi mchana ili azipande usiku wa manane. Kona ya nyuma ilikatwa bafu dogo lenye choo cha kukaa na bomba la chuma la kujishikia ukutani, na shimo jipya likachimbwa pembeni, mbali na mfereji na chini ya usawa wa chemchemi wanayochotea maji. Makopo ya dawa ya mimea na dumu la petroli la bomba la kupulizia vilihamishiwa kibanda kingine siku ya kwanza kabisa. Harufu yake ilichukua mwezi kuisha.

Jambo ambalo fundi alilisimamia kwa ukali ni hewa. Vugiri Julai ni baridi, na desturi ya wengi ni kuingiza jiko la mkaa chumbani jioni. Katika banda la zamani, lenye mabati yaliyopishana na milango isiyokutana, moshi na sumu yake vilipata pa kutokea. Chumba kipya kimezibwa kila upande, kina dari, kina mlango unaofunga sawasawa. Mkaa unaweza kumuua mtu humo akiwa usingizini bila kunusa chochote, kwa kuwa hewa hiyo haina harufu. Matundu mawili yaliachwa juu, moja kila upande, yakawekewa wavu na kukatazwa kuzibwa kwa matambara. Jiko haliingii. Bibi alilalamika sana, akaongezewa blanketi la tatu.

Suala lililoweza kuharibu kila kitu halikuhusu tofali. Kiwanja ni cha marehemu, na mirathi haijagawanywa. Binti ametoa fedha zake nyingi, mkopo wa mwalimu ukiwemo, kujenga juu ya ardhi ambayo kaka zake wana haki nayo. Mama akiondoka, chumba ni cha nani? Mjomba aliwaita wote, waliokuwa mbali kwa simu, wakaandika karatasi kwa mtendaji wa kijiji: kiasi alichotoa kila mmoja, na kwamba siku ya kugawana, aliyetoa atarudishiwa kwanza. Familia nyingi huona haya kuandika kitu kama hicho mzazi akiwa hai. Mwalimu anasema yeye aliona haya pia, ila aliona haya zaidi kufikiria kugombana kwenye khitma.

Milango ya bati ya marehemu haikuuzwa. Mmoja umekuwa paa la kibanda cha kuni. Wa pili umelazwa juu ya mtaro, na watoto wa shule wanaupita kwa kuruka ili ulie.

Bibi alihamia mwishoni mwa Novemba, vuli ikiwa imekolea, na ukuta wa nyuma ulibaki mkavu. Kitanda chake kimewekwa sambamba na dirisha. Asubuhi wachuma chai wanapita na vikapu, kisha wanafunzi, kisha bodaboda za sokoni. Kila anayepita anasalimia, naye hujibu kila mmoja kwa jina, akikosea anasahihishwa. Wenzake wawili wenye magoti mabovu huja alasiri. Nyumba kubwa juu amemwachia binti na wajukuu, na mjukuu mmoja wa kike hushuka kulala naye kila usiku kwa zamu.

Idi iliyofuata kaka mkubwa alifika saa mbili usiku na familia yake. Alisimamisha gari mbele ya dirisha, taa zikimulika pazia la maua, akakaa kidogo bila kuzima injini. Halafu akashuka, akamwamkia mama yake dirishani, na kumuuliza gari alilaze wapi.

"Weka hapo pembeni, weka na jiwe nyuma ya tairi," bibi alimwambia. "Baba yako alikuwa anaweka mawili."

Asubuhi gari lilikuwa limeloa umande kuanzia paa mpaka vioo, na watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kuandika majina yao kwenye kioo cha nyuma.