Mti Unaokunywa Chemchemi

Ukimwambia mtu wa Marani kwamba maji ni shida, atakucheka. Kwetu Kisii mvua hunyesha karibu kila mwezi. Habari za ukame huzisikia redioni, tukachanga mahindi kanisani kwa ajili ya wenzetu, kisha tukasahau.

Hebu twende pamoja hadi Meru, kwenye milima ya Nyambene. Juu ni msitu na ukungu. Chini, ukielekea Isiolo, ni nchi kavu. Huko Tuuru, wamishonari Wakatoliki wa shirika la Consolata walikuwa na makao ya watoto waliolemazwa na polio. Makao yalikosa maji. Bruda Giuseppe Argese, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka 1957, akapanda msituni kuyatafuta. Wenyeji walimwita Mukiri, yaani mtu mkimya.

Alichokiona kule juu ni hiki: ukungu hugonga miti, majani na kuvumwani zikaunasa, ukawa matone, matone yakazama ardhini. Basi akayakusanya maji hayo, akayaelekeza kwenye mabomba, yakateremka yenyewe bila mashine. Kazi iliyoanzia kwa watoto wale ikawa mradi wa maelfu ya watu na mifugo yao. Nawe wajua, mama akipunguziwa mwendo wa kuteka maji, hupata saa za kulima, na binti yake hupata saa za kusoma.

Lakini zingatia jambo moja, msomaji wangu. Mabomba hayazai maji. Kata msitu ule wa Nyambene leo, na kesho mabomba yatabaki kupitisha upepo.

Sasa turudi Marani. Bondeni kwetu kuna chemchemi iliyokuwa ikibubujika mchana kutwa. Siku hizi, ifikapo Januari, hutoa uzi wa maji tu, na akina mama hupanga mitungi foleni. Pembeni yake imesimama mikaratusi ya baba mdogo. Mti huo hukua haraka na huuzika kwa urahisi, lakini hunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Agizo lilifika kwetu, mikaratusi haikusikia.

Nilipomgusia baba mdogo jambo hilo, alinitazama kwa muda. "Mwanangu, miti hii ndiyo iliyokulipia karo. Wadogo zako nitawasomesha kwa nini?"

Ungemjibu nini? Mimi sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Baba, karo ya kitinda mimba niachie mimi. Wewe hamishia mikaratusi kule juu kilimani, na hapa chini tupande mianzi na mikuyu." Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaita wenye misumeno. Visiki navyo tunaving'oa, maana mkaratusi ukikatwa huchipuka tena.

Chemchemi haijarudi kama zamani, wala sikuahidi hivyo. Ila wewe unayesoma haya mjini, ambaye kijijini kwenu kuna shamba lililoshuka hadi mtoni, ukienda Krismasi usiishie kuchinja mbuzi. Teremka bondeni uone ni mti gani unaokunywa maji ya mama yako. Na kabla hujamwambia mwenye mti aukate, jiulize ni karo ya nani inayosimama juu yake, na nani ataibeba.