Njia ya Mbamba Bay

Barabara itokayo Songea hupita Mbinga, ikateremka milima ya Wamatengo hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Usiku mmoja tuliishika kwa Land Rover kuukuu iliyoongezwa taa nyingi. Katika mteremko, taa zote zikazimika ghafula! Dereva alisimama ukingoni kabisa mwa bonde.

Kulipokucha fundi alifunua boneti. Taa zote zilitegemea waya mmoja mwembamba. Ulipata moto, ganda lake likayeyuka. Akaondoa nyaya za ziada, akabakiza taa mbili za mbele, kila moja na waya wake mnene na fyuzi yake karibu na betri. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Wenye magari, taa mbili za hakika zapita kumi za mapambo.