Je, Nami ni “Guy”?

Siku za Kiingereza hapa shuleni Kiswahili ni marufuku tangu gwaride la asubuhi hadi kengele ya mwisho. Huwezi kusema “jamani” wala “njooni”. Viranja wetu basi wana neno moja tu la kuliita darasa zima: “guys” hivi, “guys” vile.

Muhula wa kwanza kiranja alitangaza kwamba “guys” wanaotaka kwenda kwenye mdahalo katika shule jirani wamwandikishie majina kabla ya chakula cha mchana. Sisi wasichana 11 tukajua hilo ni shauri la wavulana, tukaendelea na hesabu zetu. Gari likaondoka na wavulana watupu. Tulipolalamika tukajibiwa, “Kwani nyinyi si guys?”

Swali hilo lilinichoma, nikaenda maktaba. Lo! Kumbe neno lenyewe lilikuwa jina la mtu. Guy Fawkes alikamatwa Novemba 1605 chini ya Bunge mjini London, akilinda mapipa ya baruti. Yeye na wenzake walitaka kumlipua Mfalme James wa Kwanza. Kisha ikawa desturi ya Waingereza kuchoma sanamu yake ya matambara kila tarehe 5 Novemba, na sanamu hiyo wakaiita “guy”. Baadaye mtu aliyevaa ovyo naye akaitwa “guy”. Huko Marekani likawa jina la mwanamume yeyote, na mwishowe “you guys” ikawa ya kundi lolote, hata la wanawake watupu. Hebu fikiria, binti wa watu kuitwa kwa jina la mhaini mwenye ndevu!

Lakini nilipozidi kusoma niliwaonea huruma Waingereza kidogo. Zamani walikuwa na “thou” ya mtu mmoja na “ye” ya wengi. Fungua Biblia yao ya mwaka 1611 utayakuta yote mawili. Siku hizi “you” ni hiyo hiyo, uwe peke yako au muwe mia. Hawana “nyinyi”! Ndiyo maana kila mahali watu wameziba pengo kivyao. Kusini mwa Marekani husema “y'all”, Pittsburgh husema “yinz”, na Ireland utasikia “ye” au “youse”.

Mimi “y'all” naipenda maana haiulizi nani mvulana nani msichana, ila ukiisema hapa kwetu utachekwa wiki nzima. “Folks” si mbaya, ingawa wavulana wanadai inanuka uzee. (Hao hao huitana “wasee” kutwa, na neno hilo la Sheng limetokana na wazee!) “Ladies and gentlemen” ni ya jukwaani, huwezi kuitumia kuomba madaftari. “Everyone” haina utamu wowote, lakini haimwachi mtu nje, na mwalimu wa Kiingereza hawezi kuitia kalamu nyekundu.

Mdahalo mwingine ni muhula huu. Tulimwendea kiranja, tukakubaliana kwamba tangazo lianze na “everyone in Form Three”. Alinung'unika kwamba ni refu, lakini akalisoma vivyo hivyo. Kufikia juzi wasichana 7 kati yetu 11 walikuwa wameandikisha majina, na mimi ndiye msemaji wa kwanza.