Daraja la Brooklyn: Stori ya Ndoa Iliyobeba Chuma

Ukifika New York kila mtu atakwambia ukapige picha Times Square. Sawa, nenda. Lakini kama uko na mwenzi wako, tengeni saa moja mvuke Daraja la Brooklyn kwa miguu. Ni bure, na lina stori inayowahusu.

Shukeni treni kituo cha High Street, upande wa Brooklyn. Njia ya watembea kwa miguu imepita juu ya magari, na maghorofa ya Manhattan yanazidi kukua mbele yenu.

Mkifika katikati, simameni. Mnaijua kamba ya kuanikia nguo? Nguo ndiyo barabara, nguzo mbili ndiyo minara ya mawe, na vigingi vinavyoivuta kamba huku na huku ndiyo nanga zilizojengwa nchi kavu. Kamba yenyewe ni kebo nne za nyaya za chuma, na toka mnara hadi mnara ni mita 486. Lilipofunguliwa mwaka 1883, hakukuwa na daraja la kuning'inia refu kuliko hili duniani.

Mbunifu wake, John Roebling, alifariki 1869 kabla ujenzi haujaanza. Mwanawe Washington akashika kazi, naye 1872 akaangushwa na ugonjwa uliowapata waliochimba misingi chini ya mto, kwenye hewa yenye mgandamizo. Akabaki chumbani, akifuatilia ujenzi kwa darubini.

Hapo ndipo mkewe Emily alipojifunga kibwebwe. Alijifunza hesabu za kebo na uimara wa vyuma, akapeleka maagizo kwa mafundi na kurudi na maswali yao, zaidi ya miaka 10. Wapo waliodhani mhandisi ni yeye!

Mwaka 1878 ikagundulika muuza nyaya aliwapiga changa la macho: nyaya mbovu zilishaingia kwenye kebo, na kuzitoa haiwezekani. Kilichookoa jahazi ni kwamba Washington alipanga kebo ziwe na nguvu mara 6 ya zinazohitajika. Hata na ubovu ule zilibaki kama mara 5, na nyaya nzima zikaongezwa.

Wengi wetu tunapanga mapenzi ya kutosha siku za raha tu. Ukija ugonjwa, au kazi ikiota mbawa, kamba inakatika. Hawa wawili walikuwa na akiba.

Mnarani kuna kibao chenye jina la Emily. Kisomeni pamoja.