Uzio wa Kisongo

Mtu wa Arusha akikusimulia jinsi uwanja wa ndege wa Kisongo ulivyobadilika, ataanza na jengo la abiria: viti, vyoo, mahali pa kunywa kahawa. Mimi huanza na uzio. Kazi yangu ilinifikisha pale enzi ambazo ng'ombe na ndege waligawana nyasi zile zile, na kila aliyekuwapo aliona ni sawa tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mpokea wageni wa kampuni moja ya utalii. Uwanja uko kama kilomita 8 magharibi mwa mji, kando ya barabara ya Makuyuni, huku mashamba ya kahawa ya Burka yakiwa si mbali na malisho ya Kisongo yakianzia pale pale. Precision Air, iliyozaliwa hapa hapa Arusha mwanzoni mwa muongo ule na kindege cha Piper Aztec, ilikuwa imeshaanza kujulikana. Ndege nyingine zilikuwa ndogo ndogo, za kwenda Seronera, Manyara na Zanzibar. Mgeni alipandishwa kwenye mizani yeye na begi lake, hadharani, kwa sababu katika ndege ya watu kumi na wawili kila kilo ina mwenyewe. Wengine walicheka, wengine walinuna siku nzima. Begi lisizidi kilo 15, tena liwe laini ili lishindiliwe. Baada ya hapo nilimsindikiza mgeni hadi chini ya bawa, nikampa mkono, nikarudi zangu nikikanyaga lami ambayo leo nikiikaribia nitaulizwa kitambulisho na watu watatu.

Layoni, vijana wadogo wa Kimaasai, walichunga pembeni mwa njia ya kurukia. Ndege ikisikika, mtu alitoka na filimbi, ndama wakasukumwa pembeni, vumbi likatulia, shughuli zikaendelea. Tulikuwa na imani kubwa na filimbi ile.

Imani nyingine tuliiweka kwenye macho ya rubani. Kutua Kisongo kulitaka rubani aione njia kwa macho yake, na jua likizama kazi ilikwisha. Ikifika Juni na Julai wingu la Meru hushuka asubuhi likalala juu ya mji, mlima wote wa mita 4,562 ukapotea. Hapo ndege iliyotoka Zanzibar ilizunguka kidogo, kisha ikaelekea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, na sisi tukaruka kwenye Landcruiser kuufuata mzigo wetu, mwendo wa kilomita zaidi ya 50 upande wa mashariki. Wageni walilalamika. Nilikuwa nawaambia kwamba ndege iliyokwenda KIA ni ndege iliyofika, na sidhani kama walinielewa.

KIA ulifunguliwa mwaka 1971, na njia yake ya kurukia ina mita 3,600. Ya Kisongo ilikuwa na mita 1,620, nayo hizo mita haziko sawa na za Dar es Salaam. Uwanja uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na bawa hushika hewa hiyo kwa shida. Wahandisi wana hesabu yao: kila mita 300 za kupanda juu, urefu wa njia inayohitajika huongezeka kwa asilimia 7. Ukiikokotoa, mita 1,620 za Kisongo zinafanya kazi ya mita kama 1,220 za pwani, hapo bado hujaliingiza joto la mchana wa Februari. Ndiyo maana marubani wa zamani walipenda kuondoka asubuhi, na ndiyo maana mizani ile haikuwa na masihara.

Kisha likaja tukio la tarehe 18 Desemba 2013. Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyotoka Addis Ababa na watu zaidi ya 200, ilikuwa inakwenda KIA. Kule KIA kindege kilikuwa kimekwama kwenye njia ya kurukia, kwa hiyo ndege kubwa ikawa inasubiri angani. Mwishowe ilitua, lakini ilitua Kisongo. Viwanja hivi viwili vina njia zinazoelekea upande mmoja, mashariki na magharibi, zote zimeandikwa 09 na 27. Rubani akitazama dira yake pekee, dira haitamwambia yuko wapi.

Dude lenye urefu wa mita 55 lilimaliza lami likaingia kwenye nyasi. Hakuna aliyekufa. Lakini hapakuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege ya kimo kile, na watu walikaa ndani huku walio chini wakikuna vichwa. Nusu ya mji ilikwenda kutazama. Nilikwenda pia, na pale barabarani mjadala ulikuwa mmoja tu: itatokaje? Wapo walioapa kwamba itakatwa vipande. Siku chache baadaye ilipunguzwa uzito, ikaruka ikiwa tupu kwenda KIA, na wabishi wakahamia kwenye mambo mengine.

Lililonibakia mimi ni zile nyasi. Hadi siku ile nilidhani uwanja unaishia pale lami inapoishia. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lile lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinasema vingine. Mbele ya lami lazima kuwe na eneo lililosawazishwa, lisilo na mtaro wala kisiki, kwa ajili ya ndege iliyoshindwa kusimama. Kiwango cha chini ni mita 90, na kinachopendekezwa kwa viwanja vikubwa zaidi ni 240. Zimamoto nao hupangwa kwa urefu wa ndege. Caravan ya mita 12 hivi ina daraja lake. ATR 72 ya mita 27 inadai magari yenye maji na povu zaidi, na Q400 ya Air Tanzania, ya karibu mita 33, iko daraja la juu yake. Gari linatakiwa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Haya hayapigwi picha siku ya uzinduzi, ila pesa nyingi huishia huko.

Baadaye njia ya kurukia iliongezwa takriban mita 200, jengo la abiria likatengenezwa, mashine za ukaguzi zikashika nafasi ya kujuana. Baada ya filamu ya The Royal Tour mwaka 2022 wageni waliongezeka, na maegesho ya ndege yakaonekana madogo. Sasa mji unaandaliwa kwa AFCON ya 2027, kiwanja cha mpira kinajengwa Olmoti, na mazungumzo ya kutua usiku kwa taa yamekuwa ya kila siku. Nami nayaunga mkono, mradi wingu la Julai likumbukwe pia, maana taa peke yake haifukuzi wingu.

Uzio ndio uliokuja na maneno mengi. Yeyo mmoja, mama wa Kimaasai ninayemnunulia maziwa, aliniambia njia yao ya kwenda mnadani imekuwa ya kuzunguka. Nikamwambia ni kwa usalama.

"Usalama wa nani, mwanangu?"

"Wa ndege, yeyo. Na wa ng'ombe."

"Ng'ombe wangu hajawahi kugonga ndege."

Sikuwa na jibu la haraka. Ninaamini uzio ulifanya kazi kuliko jengo lote na marumaru yake, na bado naona waliohesabiwa faida na waliohesabiwa mzunguko hawakuwa watu wale wale.

Siku hizi tatizo si mifugo tena. Mji umepanda mabasi ukahamia Kisongo. Jirani yangu mmoja, aliyenunua kiwanja upande ndege zinakopandia, alitaka ghorofa tatu. Alipoambiwa aombe kibali cha urefu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga alidhani ni njama ya kula pesa yake. Nikamchorea kwenye karatasi ya sukari: anga la ndege kuondokea hupanda kwa asilimia 2, yaani ukiondoka mwisho wa uwanja, kila mita 50 za ardhi zinakupa mita 1 ya kwenda juu. Alikaa akipiga hesabu, akahesabu na tangi la maji la juu ya paa, akahesabu na dishi la televisheni.

"Kwa hiyo hata mwarobaini wangu wana haki ya kuukata?"

"Wakiupima ukazidi, ndiyo."

Alinunua mkanda wa kupimia kesho yake. Ghorofa imekuwa moja, na tangi liko chini, nyuma ya jiko.