Mfumo Umesema

Kuna mtenda mpya ameingia kwenye sentensi zetu, na sidhani kama wanasarufi wameshamwona. Anaitwa mfumo. Mfumo umekataa. Mfumo unasema unadaiwa. Mfumo haukutambui. Mfumo uko chini, rudi kesho. Nimezisikia sentensi hizi kwenye dirisha la benki, mapokezi ya hospitali, ofisi za serikali na za watu binafsi, na mara nyingi aliyezitamka alizitamka kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba ambao hakuusababisha yeye.

Uandishi wa habari umenizoesha kuuliza swali moja: nani kafanya? Ndiyo maana mtenda huyu ananisumbua. Afisa akikosea, ana jina na ana mkubwa wake. Mfumo ukikosea, utamshika nani?

Hata hivyo, haya si malalamiko ya mtu anayeogopa kompyuta. Ninachotaka kujua ni hiki: ni lini teknolojia inawasaidia watu wa taasisi moja kuaminiana na kuamua vizuri, na ni lini inawanyang'anya uwezo huo?

Nianze na ninachokijua kwa karibu. Mama yangu ni mwanachama wa kikoba. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vina historia inayofika Niger, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mwaka 1991, kisha utaratibu ukasambaa Afrika nzima na kila mahali ukapata jina lake. Kikundi cha mama kilianza na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu, sanduku likalala kwa wa nne. Hisa zilipigwa muhuri kwenye kitabu cha kila mwanachama, na kitabu alikaa nacho mwenyewe. Hela zilihesabiwa katikati ya duara. Kabla ya kufunga kikao, wote walitajiwa kiasi kilichobaki sandukuni ili wakikariri, na wiki iliyofuata, kabla ya kulifungua, waliulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Wakajibu kwa pamoja.

Ile nayo ilikuwa teknolojia. Haikudhani kwamba mweka hazina ni mwizi, wala haikudhani kwamba ni malaika. Ilitengenezwa ili asilazimike kuapa kila Jumamosi kuwa ni mwaminifu. Kiswahili kinatukumbusha kuwa imani, amani, amini na amana vyote vina shina moja la Kiarabu, na katika hivyo amana ndiyo unayoweza kuishika: ni kitu ulichokabidhiwa, ambacho siku ukiulizwa lazima ukitoe kionekane.

Miaka michache iliyopita kikundi kikahamia kwenye simu. Wakafungua akaunti ya pamoja. Mtu akichanga, ujumbe unawafikia wote. Na hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe, kila mmoja kwa namba yake ya siri. Faida zilionekana mapema. Yule mama wa sanduku alianza kulala usingizi. Aliyesafiri msibani hakupitwa na mchango. Na uamuzi wa nani akopeshwe ukabadilika. Zamani mtu alikopeshwa kwa kujulikana: mtoto wa nani, jirani wa nani, anasali wapi. Sasa kuna rekodi inayoonyesha nani amechanga kwa wakati na nani kachelewa. Muuza vitumbua mmoja, mgeni mtaani, asiye na shoga hata mmoja kwenye kikundi, alipata mkopo kwa sababu rekodi ilimsemea. Hilo si jambo dogo. Yaani simu ilimpa heshima ambayo umbea wa mtaa ungemnyima.

Basi ikafika siku simu hiyohiyo ikasema muuza samaki mmoja hajachanga wiki mbili. Yeye akasema amechanga. Katibu akasoma orodha. Jina lake halina kitu. Muuza samaki akafungua pochi, akatoa kitabu, maana walikuwa hawajaacha kupiga mihuri. Mihuri ipo. Kikao kikanyamaza. Ndipo mwenzake mmoja akakumbuka: simu ya huyu iliharibika mwezi ule, akawa anampa jirani yake hela taslimu amtumie. Wakaangalia kwa jirani. Kweli, michango yake ilikuwa imeingia kwa jina la mwenye simu, na yule jirani alikuwa anaonekana amechanga mara mbili. Mama anasema jambo lote halikuzidi dakika ishirini.

Ukitazama, mfumo haukuwa umeharibika. Ulirekodi simu, kikundi kikasoma mtu. Kilichomwokoa muuza samaki ni mambo matatu: alikuwa na nakala yake mkononi, palikuwa na mashahidi, na palikuwa na kikao ambacho kilikuwa tayari kumsikiliza kabla ya kumhukumu.

Mahali ambapo mambo hayo matatu yalikosekana panajulikana, na pana kompyuta nyingi kuliko mtaa wetu. Shirika la Posta la Uingereza lilianza mwaka 1999 kufunga programu ya hesabu iitwayo Horizon kwenye matawi yake. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida, wenye maduka madogo vijijini na mitaani. Jioni wakifunga hesabu, Horizon inasema pesa zimepungua. Wakipiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Mkataba ukawataka wafidie pengo. Waliofidia walimaliza akiba zao, na wengine wakapelekwa mahakamani. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotegemea programu ile. Seema Misra alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito. Sheria ya Uingereza nayo iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka anayepinga aonyeshe vinginevyo, na mwenye duka angeonyesha nini, wakati taarifa zote za ndani zilikuwa kwa Posta na kwa Fujitsu, kampuni iliyoitengeneza?

Kilichoanza kuivunja kesi ile ni watu kukutana. Alan Bates, aliyepoteza tawi lake huko Wales mwaka 2003, aliwatafuta wenzake, na mwaka 2009 wakakaa kwenye ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Kumbe aliyeambiwa yuko peke yake alikuwa na wenzake ukumbi mzima. Walipofika Mahakama Kuu walikuwa 555. Hukumu ya Desemba 2019 ilisema Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuvuruga hesabu za matawi. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa mamia. Wengine walikuwa wameshafariki.

Nikirudi huku kwetu, mfano ninaoupenda unatoka Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na mojawapo ya mambo yaliyoiangusha tume ni kwamba mahakama iliagiza seva zake zikaguliwe na tume haikutekeleza ipasavyo. Taasisi ilisema, tuamini, ila msiangalie ndani. Mwaka 2022 tume ikafanya kinyume: fomu za matokeo, 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, zikapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Nami nilizifungua nikiwa Dar es Salaam. Nilikuwa naangalia mwandiko wa msimamizi wa kituo ambacho sitakifika maishani, tarakimu zake zimelala upande, sahihi za mawakala chini. Vyombo vya habari Kenya vilikaa kujumlisha vyenyewe, fomu kwa fomu.

Halafu tume yenyewe ikapasuka: makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo hadharani. Kwa kawaida hapo ndipo nchi inabaki na neno la huyu dhidi ya neno la yule. Safari hii zilikuwepo zile fomu. Palipodaiwa zimechezewa, zililinganishwa na nakala za karatasi, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakakubaliana kuyathibitisha matokeo. Wako ambao hawakuridhika mpaka leo, na ni haki yao. Lakini walibishana wakiwa na karatasi mkononi, na hiyo ni tofauti kubwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema teknolojia inaondoa haja ya kuaminiana. Posta ya Uingereza iliamini kwa dhati, tena kupita kiasi, isipokuwa iliamini upande mmoja tu. Teknolojia inajenga imani pale tu mnyonge wa taasisi anapoweza kuona kile kile anachokiona mkubwa, akabaki na nakala yake, na akapata mahali pa kusema: hapana, hii si sawa. Mambo hayo yanahitaji zaidi ya programu. Yanahitaji kikao.

Mwaka huu kikundi cha mama kilijadili kama waache vitabu. Hoja zilikuwepo: mihuri inachelewesha, wino unaisha, simu inatunza kila kitu. Mama mmoja akauliza iwapo muuza samaki angekuja na nini siku ile. Wakapiga kura, vitabu vikabaki. Kisha wakaongeza kifungu kwenye katiba yao, wakakiandika kwa mkono chini ya kifungu cha faini ya kuchelewa: simu na kitabu vikitofautiana, hakuna kinachoshinda mpaka mwenyewe asikilizwe.