Daftari la Kapita

Kwetu Buraza, mtu akisema anatafuta kapita, hatafuti fundi. Anatafuta mtu anayejua kuandika. Ndivyo nilivyopata kazi hiyo katika likizo ya kiangazi ya mwaka 2023, nikiwa nimemaliza mwaka wa kwanza chuoni. Bosi mmoja wa Gitega alikuwa amepata kandarasi ya kusafisha jengo jipya la ghorofa mbili mjini Muyinga, kabla mwenyewe hajakabidhiwa. Alihitaji watu 11 wa kusugua na mmoja wa kuwasimamia. Aliwataka watu wa vilimani, si wa mjini, kwa kuwa wa vilimani wakati huo walikubali faranga 7,000 kwa siku. Mimi aliniahidi 10,000, akanipa daftari jipya na kalamu ya bluu.

Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Aliyefanya kazi, mwekee alama. Asiyefanya, acha wazi. Wewe jiwekee alama kila siku, maana hata usiku unalinda vifaa."

Sikuona ubaya wowote katika maagizo hayo. Niliyaona kuwa ni utaratibu.

Tulikuwa wanawake saba na wanaume watano, mimi nikiwa wa tano. Tuliondoka Jumatatu alfajiri, tukapita Gitega na Karuzi, tumebanana nyuma ya kamioneti pamoja na ndoo, mafagio, raklete, mabido ya maji, mifuko ya Omo, chupa za javeli na dumu moja la asidi. Kazi ilikadiriwa kuwa ya siku sita. Nilipewa posho ya siku sita, faranga 2,500 kwa kila mtu kwa siku, na kodi ya nyumba ya vyumba viwili tuliyokuwa tulale. Wanawake wangelala chumba kimoja, wanaume kingine, vifaa vikae sebuleni pamoja na kapita.

Anayelitazama jengo jipya kutoka barabarani hudhani ni safi. Ndani, kila kitu kimerukiwa na saruji na rangi, na vumbi la kiangazi limeingia hadi kwenye soketi za umeme. Usafi wa namna hii una njia yake. Unaanza juu na kushuka chini: dari, madirisha, milango, kuta, mwisho sakafu. Katika kila chumba unaanzia pembe ya ndani na kumalizia mlangoni, la sivyo unakanyaga ulichokisafisha. Saruji iliyokauka juu ya vigae haikwanguliwi ikiwa kavu, maana kisu huacha mikwaruzo isiyofutika. Hulowanishwa kwanza, ikasubiriwa, ndipo ikakwanguliwa. Haya sikuyajua. Aliyenifundisha ni mama mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko sote, ambaye alishafanya kazi hizi Gitega mara nyingi. Hakuwa anajua kusoma. Siku ya kwanza ya kazi, Jumanne, nilipokuwa nimeanza kuwagawa watu kwa kuwahesabu tu, watatu hapa na watatu pale, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, usigawe watu. Gawa maji kwanza."

Alikuwa na haki. Bila maji kazi hii haipo, na kisima kilikuwa mbali. Tulikuwa tukitegemea bomba lililokuwa uani.

Kosa langu kubwa la kazi nalo lilitokea siku hiyohiyo. Maandishi kwenye chupa yalikuwa ya Kifaransa, na mimi nilikuwa peke yangu niliyeweza kuyasoma. Sikuyasoma. Kijana mmoja alimimina asidi kwenye choo ambacho tayari kilikuwa na javeli, mlango ukiwa umefungwa. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza macho na mapafu. Alitoka akikohoa hadi akapiga magoti. Tulimpeleka kwenye hewa, tukamwosha uso kwa maji mengi, na baada ya saa moja alipumua vizuri. Jioni niliwasomea wote chupa zote, nikizitafsiri kwa Kirundi neno kwa neno. Katika daftari, mbele ya jina la kijana yule, niliweka alama ya siku nzima. Nilijiona mwema.

Jumatano ilikwenda vizuri. Alhamisi asubuhi tulifungua bomba likatoa hewa tu. Majirani walituambia ni kawaida ya kiangazi, pengine yangerudi jioni. Hayakurudi hadi usiku wa Ijumaa. Siku hizo mbili tulikaa ukutani tukifuata kivuli. Wenyeji wengi wa mtaa ule wanazungumza Kiswahili. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, malori ya Tanzania hupita, na Waislamu ni wengi. Wenzangu wa Buraza walikuwa wanajua Kirundi tu, kwa hiyo kila kitu kilipitia kwangu: bei ya maharage, njia ya kisimani, salamu za jirani aliyetuletea chungu cha uji. Mama yule mkubwa alicheka akasema, "Leo tuna Mswahili wetu." Kwetu vilimani neno hilo lina maana mbili. Ni mtu wa dini au wa mtaa fulani, na ni mjanja pia, mtu wa kufikiriwa mara mbili kabla ya kukopeshwa. Siku ile alilisema kwa maana ya wema.

Jioni zote mbili nilifungua daftari. Mistari 11 niliiacha wazi. Mstari wangu niliuwekea alama.

Jumamosi asubuhi, kama ilivyo nchi nzima, ilikuwa ya kazi za maendeleo ya pamoja. Maduka yalifungwa, tukatoka na mafagio yetu kufagia barabara na kuzibua mitaro pamoja na wakaazi. Hakuna aliyelalamika kuhusu asubuhi ile. Ilikuwa ya kila mtu, na aliyefagia kando yangu alikuwa mwenye duka. Mchana tuliingia kazini, nikaandika nusu siku. Jumapili tulipumzika, wengine wakaenda kusali. Jumatatu, Jumanne na Jumatano tulifanya kazi hadi giza, tukamaliza. Vigae viling'aa, na vioo tulivipangusa kwa magazeti hadi ndege mmoja akajigonga.

Alhamisi tulifunga vifaa na kuketi juu yake. Kamioneti haikuja. Dereva alikuwa kwenye foleni ya mafuta Gitega, na yeyote aliyeishi Burundi miaka hii anajua foleni hiyo haina saa. Posho ya siku sita ilikuwa imenyooshwa hadi siku ya kumi na moja. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, ugali wa muhogo na maharage, na ndagala zikipatikana.

Usiku ule mama yule aliniomba daftari. Nilidhani anataka kuona jina lake lilivyoandikwa. Alilisogeza karibu na taa ya simu, akapitisha kidole kwenye mistari mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho, ulio wangu. Akaurudia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mstari wako ni mrefu kuliko yetu."

Nilieleza. Nilisema bosi ndiye aliyeagiza. Nilisema kapita analinda vifaa. Nilisema siku ya maji hatukufanya kazi.

"Sawa," alisema. "Basi Alhamisi ile mimi nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuwa Buraza, ambako mtu asipopata kibarua hulima shamba lake, huchota maji yake, hula chakula kisichonunuliwa. Alikuwa Muyinga, amekaa ukutani karibu nami, kwa sababu ya kazi. Wangu ulikuwa na alama 11. Wake ulikuwa na tano na nusu. Sote tulikuwa tumeondoka nyumbani siku moja, tumelala chini ya paa moja.

"Sasa umekuwa Mswahili kweli," akasema, akanirudishia daftari. Safari hii hakucheka.

Mwaka uliofuata, darasani, tulikuwa tukijadili asili ya maneno, nikajikuta nimerudi kwenye taa ile ya simu. Tazama jinsi Kiswahili kinavyomwita mtu wa kazi ya kulipwa kwa siku. Kibarua: barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu ili apate ujira wake. Babu zetu walipovuka kwenda Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Huko walipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulitoka nafasi zote 30 zilipojaa. Siku isiyo na kazi haikuwa na nafasi kwenye kadi, hata kama mtu aliila palepale, mbali na kwao. Hata neno kapita si letu. Lilitoka kwa Wareno, likafika kwetu likiwa limebeba maana ya msimamizi. Maneno haya matatu ya wafanyakazi, kibarua, kipande na manamba, yote ni maneno ya karatasi. Mtu akiishaitwa kwa jina la karatasi, anayeishika kalamu ndiye anayeamua alikuwapo au hakuwapo. Nilikuwa nimesoma historia hiyo kama mambo ya Wajerumani na Waingereza. Sikujua kwamba inaweza kufanywa na mwanafunzi wa Buraza kwa kalamu ya bluu, bila ubaya moyoni.

Ijumaa asubuhi, kabla ya gari kufika, nilimpigia bosi. Nilimwomba alipe siku tatu za kungoja, mbili za maji na moja ya mafuta. Alisema halipi watu kulala. Nilimwambia basi angalau posho. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe una siku tano na nusu ambazo hukufanya kazi. Ni 55,000. Ukiwahurumia, wagawie hizo." Akakata simu.

Hesabu ilikuwa rahisi mno: 55,000 kwa watu 11 ni 5,000 kila mmoja, hata ujira wa siku moja haifiki. Na mimi nilikuwa nazihitaji fedha zile kwa ajili ya kurudi chuoni. Pesa zilipoingia kwenye simu tulipofika Gitega, niliwalipa wote kadiri ya alama zao, kisha nikamwongezea kila mmoja 4,000. Walinishukuru. Mama yule alizipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, asiseme neno. Jumla niliyogawa ilikuwa 44,000. Zile 11,000 nilibaki nazo, nikajiambia ni za nauli. Naziandika hapa kwa sababu hazikuwahi kuandikwa kwenye daftari.

Tangu wakati huo nimesimamia kazi nyingine tatu za nje ya mji. Sisemi nimekuwa kapita mwema, ila nimebadilisha mambo mawili. La kwanza, kabla watu hawajapanda gari, mimi na mwenye kazi tunaandika karatasi moja inayosema siku ya kungoja italipwaje: siku ya maji kukatika, siku ya mvua, siku ya gari kukosa mafuta. Ninaomba nusu ya ujira na posho kamili. Bosi mmoja alikataa akatafuta kapita mwingine, na alimpata siku hiyohiyo. Wawili walikubali posho tu. Mmoja alikubali yote, na wala hakufilisika. Bosi anahesabu siku za kazi, na kibarua aliye mbali na kwao anahesabu siku za kutokuwepo nyumbani. Hesabu hizo mbili haziwezi kulingana zenyewe. Ni lazima zisemwe kabla ya safari, wakati mtu bado anaweza kukataa na kurudi shambani kwake.

La pili, daftari langu sasa lina alama tatu. Mkwaju ni kazi. Duara ni mapumziko. Herufi K ni kungoja. Kila jioni ninalisoma kwa sauti mbele ya wote, jina kwa jina, na mstari wangu ninausoma wa kwanza.

Mama yule nilimwita tena kwa kazi ya Ngozi. Alikuja nyumbani kwetu asubuhi, ameshika kifurushi chake, akaomba kuona daftari kabla ya kupanda gari. Nilimwambia, "Mama, bado ni tupu." Akanijibu kwamba ndiyo sababu anataka kuliona sasa. Alihesabu mistari kwa kidole, mmoja mmoja, akahakikisha yote imeanzia mahali pamoja, ndipo akapanda.